Mellen Kemuma na Paa Lililojikokota

Ukiuliza Migori mahali anapofanyia kazi Mellen Kemuma, hutatajiwa jina la gereji, maana gereji yenyewe haina jina. Utaambiwa uvuke daraja, uwapite wauza mbao, kisha utafute mwanamke mwenye ovaroli ya buluu aliyeinamia gari bila kusema neno. Mafundi wengine pale hufanya kazi redio ikilia na utani ukiruka kutoka gari hadi gari. Mellen akishaanza kupima waya hunyamaza kabisa. Husema kwamba umeme hauonekani, kwa hiyo lazima ausikilize.

Kazi hiyo hakuisomea chuoni. Alitoka milima ya Kisii akiwa na miaka kumi na tisa, akaenda Masara kwa shangazi yake Gesare, aliyekuwa akiwapikia wachimba dhahabu. Nia ilikuwa amsaidie shangazi kuosha sahani mpaka apatikane mtu wa kumlipia karo. Mtu huyo hakupatikana. Lakini nyuma ya jiko la Gesare palikuwa na vinu vya kusaga mawe ya dhahabu, na vinu hivyo vilizungushwa na mota kubwa za umeme zilizoharibika kila wiki. Aliyezitengeneza alikuwa Mkuria mmoja mrefu, mkavu, aitwaye Maroa. Mellen alimpelekea chakula siku ya kwanza, akasimama kumtazama akisuka upya nyaya za mota, na hakurudi jikoni mpaka Gesare alipokuja kumtafuta mwenyewe.

Alikaa na Maroa miaka sita. Jambo moja alilolishika kwake halikuwa la kuambiwa, bali la kuona. Mwenye kinu alipokuja akilia kwamba mota yake imekufa, inazunguka kwa shida, Maroa hakuifungua. Kwanza aliuvua mkanda uliounganisha mota na kinu, akaiwasha mota peke yake. Ikizunguka vizuri, alimwacha mwenye mali aone kwa macho yake, kisha akaenda kwenye kinu. Mara nyingi ugonjwa ulikuwa huko: mchanga, beringi iliyoliwa, jiwe lililokwama. Mellen alipohamia mjini na kuingia kwenye magari, baada ya kuolewa na Mogire, muuza ndizi za jumla, aliingia na tabia hiyo.

Mwezi wa Machi mwaka jana alipigiwa simu na mama mmoja wa Kendu Bay. Mama huyo alijitambulisha kama Emmaculate Otieno, mkunga mstaafu. Namba ya Mellen alipewa na Dorine, muuguzi wa Rangwe aliyefunzwa kazi na mama huyo zamani, ambaye jenereta ya kliniki yake Mellen alikuwa ameifufua pale mafundi wawili waliposhindwa. Mama Emmaculate alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mlango usiofungwa vizuri. Alisema wana gari la zamani la michezo, la Kijerumani, la mwaka wa themanini na sita. Kipande cha paa lake hurudi nyuma kwa umeme ukibonyeza swichi, kile ambacho vijana wa gereji hukiita sanrufu. Sasa kipande hicho kinajikokota. Kinachukua dakika nzima kufunguka, na siku nyingine kinasimama katikati. Wiki iliyopita kilisimama hivyo wakiwa njiani kutoka Homa Bay, mvua ikawanyeshea yeye na mumewe mpaka nyumbani.

Mellen aliuliza kama gari limeshaguswa na fundi mwingine. Mama Emmaculate alisema kwamba mumewe ndiye fundi wa gari hilo tangu walinunue, na kwamba hajamwambia kuwa anapiga simu hii.

Mellen alifika Kendu Bay Alhamisi asubuhi, begi la vifaa begani. Nyumba ilikuwa juu kidogo ya ziwa, yenye banda la gari lililojengwa kwa mawe. Ndani ya banda lilikuwamo gari lenyewe, dogo, la kijani kibichi, limelala chini karibu na ardhi kama mnyama anayenyemelea. Mellen alikuwa ameona magari mengi yaliyotunzwa, lakini hakuwa ameona gari la umri ule ambalo hata skrubu za milango zilikuwa zinang'aa. Alijua kabla hajaambiwa kwamba mwenye gari hili ni mtu wa mikono.

Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao kando ya benchi la kazi. Mzee Joash Otieno alikuwa fundi wa injini za meli za ziwani kwa miaka thelathini na miwili, kutoka Kisumu hadi Mwanza, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza, chenye mpangilio, kisichofanana na cha majirani zake. Mikono yake aliiweka mapajani, mmoja juu ya mwingine. Ulikuwa ule ugonjwa wa kutetemeka. Mkono wa juu ulikuwa umeukandamiza wa chini, lakini yote miwili ilitetemeka pamoja.

Alimsalimu Mellen kwa heshima, kisha akamwambia kwamba ametaabika bure. Mota ya paa imekufa. Ameshaagiza nyingine kutoka ng'ambo kupitia kwa mwanawe aliyeko huko, na ikifika ataifunga mwenyewe.

Mellen hakubishana naye. Aliomba tu ruhusa ya kupima, kwa kuwa ameshafika. Mzee alimtazama mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni, akaelewa jinsi mambo yalivyokwenda, akageuka upande. Alisema apime.

Mellen alianza na betri, ikawa nzima. Aliufungua mfuko mdogo wa kitambaa cha ndani ya paa, upande wa nyuma, akaifikia mota, akaweka ncha za mita kwenye nyaya zake na kumwomba Mama Emmaculate abonyeze swichi. Mota iliguna, kifuniko cha paa kikasogea kama mzee anayepanda ngazi, na namba kwenye mita ikashuka kutoka kumi na mbili hadi kukaribia nane. Mzee Joash, aliyekuwa ameinuka bila kujijua akaja kusimama nyuma yake, aliiona namba hiyo.

"Unaona?" alisema. "Inakula umeme wote na haifanyi kazi. Imekufa."

Mellen alivuta waya mrefu kutoka betri hadi kwenye mota, akaruka njia yote ya zamani. Safari hii kifuniko kilisogea haraka zaidi kidogo, lakini bado kilijikokota na kukwaruza. Akafuata waya mweusi wa mota mpaka mahali ulipofungwa kwenye bati la gari, akakuta kutu imetanda chini ya nati. Huo ulikuwa ugonjwa mmoja, akamwonyesha mzee. Lakini haukuwa ugonjwa wote, na wote wawili walikuwa wameona hivyo.

Ndipo alipofanya kile alichokiona Masara mara mia. Alizifungua skrubu tatu, akaishusha mota kutoka kwenye kebo mbili ilizozisukuma, akaishika mkononi ikiwa peke yake, na kumwomba mama abonyeze tena. Mota ilizunguka. Haikuguna wala haikusitasita. Ililia kwa sauti nyembamba, moja, safi, kama cherehani mpya.

Mzee Joash aliisikia sauti hiyo mpaka mwisho. Alikuwa amesikiliza injini maisha yake yote na hakuhitaji kuelezwa. Alirudi kwenye kiti chake polepole.

Ilikuwa kazi ya mchana wote kukitoa kifuniko cha paa bila kukwaruza rangi. Kilipotoka, Mellen alikilaza juu ya blanketi na kuchungulia reli zake mbili. Zilikuwa zimejaa grisi nene ya kahawia iliyokauka ikawa kama nta, imechanganyika na vumbi jekundu la barabara. Kwenye mfereji ambamo kebo zilipaswa kuteleza, palikuwa na ukoko mgumu wa kukwanguliwa kwa bisibisi. Alichukua kidogo kwenye kidole, akanusa. Aliijua grisi hiyo. Ilikuwa ya vyuma vinavyokaa majini, nzito, ya kushikilia hata mawimbi yakipiga. Juu ya benchi la mzee palikuwa na kopo lake, limefunikwa vizuri, lebo ikiwa imegeuzwa mbele.

Aliendelea kukwangua. Alijua kwamba mzee anamtazama, na alijua kwamba mzee anajua. Angeweza kusema ni vumbi tu. Alikuwa akitafuta maneno ya kusema hivyo, na hakuyapata, kwa sababu mtu aliyekuwa mbele yake angeutambua uongo huo mara moja, na ungemwumiza kuliko ukweli.

"Ni mimi," Mzee Joash alisema hatimaye. "Kila mwaka, kabla ya mvua. Nilifikiri nazilinda reli."

"Grisi ni nzuri, Mzee," Mellen alijibu. "Iliokoa bati lisile kutu, angalia, reli ni nzima. Ni nzito tu kwa kamota kadogo kama haka."

Mzee aliuliza atatumia nini badala yake. Mellen akamwonyesha tyubu ya grisi nyepesi ya silikoni, nyeupe kama maziwa, akamwambia inapakwa kidogo sana, na haishiki vumbi. Mzee aliomba apewe aisikie. Alisugua tone moja kati ya kidole na gumba, kidole kikitetemeka, akalisugua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jioni Mama Emmaculate alimkatalia kulala hotelini. Wakati wanachambua mboga jikoni alimweleza kwa nini alipiga simu kwa siri. Mumewe hakuendesha tena, ni yeye aliyeshika usukani sasa. Tangu ugonjwa uanze, Joash hakutaka kwenda popote, wala kanisani, wala sokoni, kwa aibu ya mikono. Mahali pekee alipokubali kutoka ni ndani ya gari lile, paa likiwa wazi, kwa sababu upepo ukimpiga usoni alisahau. Mellen aliona jambo la ajabu hapo, maana mchana mzee alikuwa amemweleza kwamba yeye mwenyewe hana haja na paa, ila mkewe ndiye anayelipenda, na hawezi kumnyima.

Ijumaa ilianza vizuri. Mellen alisafisha reli kwa mafuta ya taa na mswaki, akizuia matone kwa matambara ili kitambaa cha ndani kisidhurike. Kufika saa sita reli zilikuwa tupu, zinang'aa. Mzee alikuwa ameanza kuzungumza. Alimsimulia jinsi alivyolinunua gari kwa mhandisi wa kiwanda cha sukari aliyekuwa akirudi kwao, na jinsi Emmaculate alivyoliendesha kwenda kuzalisha akina mama, wanakijiji wakilijua kwa mlio wake na kufungua mageti kabla halijafika.

Saa tisa na nusu Mellen aliivunja.

Alikuwa akiinua kebo ya kushoto ambayo ukoko ulikuwa umeishikilia mwishoni. Kebo hiyo ilipita ndani ya kipande kidogo cha plastiki, kipana kama ukucha wa gumba, kilichoiongoza isipinde. Aliinua kwa bisibisi. Plastiki ya miaka karibu arobaini haikuonya. Ilisema tak, na nusu yake ikadondoka kwenye kiti.

Mzee Joash alikuwa ameingia nyumbani kunywa dawa. Hakuna aliyeona. Mellen alikiokota kipande kile, akakishika kiganjani. Alijua wapo mafundi ambao wangekigandisha kwa gundi na kuondoka, na kikivunjika tena baada ya mwezi, ni gari kuukuu, nani atauliza? Alivuka ua, akabisha mlango, akamwonyesha mzee kiganja chake na kumwambia kwamba ameivunja, ni kosa lake, alitumia nguvu mahali pa kutumia mafuta na subira.

Mzee alikitazama kipande. Akageuka, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango.

Mellen alirudi bandani. Nje, juu ya ziwa, wingu lilikuwa limesimama jeusi upande wa Homa Bay, na jua lilikuwa linateremka. Yeye ni Msabato. Jua likizama siku hiyo angeweka vifaa chini mpaka jua la kesho lizame, na hakuwahi kulivunja hilo hata siku moja tangu abatizwe. Banda halikuwa na mlango wa mbele, na mvua ya upepo ingeingia moja kwa moja mpaka kwenye viti vya ngozi. Gari halikuwa na paa. Kipande cha kulirudisha kilikuwa nusu mbili kiganjani mwake.

Mama Emmaculate alikuja na turubai la kufunikia mahindi. Walilifunga gari, kamba juu ya kamba, Mellen akiweka ubao katikati ili maji yasituame juu ya shimo. Matone ya kwanza yaliwakuta wakifunga fundo la mwisho. Mellen alimpigia Mogire simu, akamwambia hatarudi mpaka Jumapili. Mogire aliuliza kama kuna tatizo. Alimjibu kwamba lipo, na ni lake.

Jumamosi alikwenda kanisani kwa miguu, barabara bado ina matope. Aliporudi mchana alimkuta Mzee Joash mezani. Droo mbili za benchi lake zilikuwa zimeletwa ndani, na mbele yake, juu ya gazeti, palikuwa na pete nene ya nailoni nyeupe, ya aina inayowekwa kwenye mhimili wa panga linalosukuma boti. Mellen aliitazama, akaelewa papo hapo ni ya nini. Mzee aliona kwamba ameelewa. Lakini hakusema neno kuhusu gari. Alimuuliza tu mahubiri yalikuwa juu ya nini, akasikiliza jibu, akamwomba mkewe alete chai. Yeye ni Mkatoliki na Sabato haikuwa yake, lakini alikuwa amemwona mgeni wake akiweka vifaa chini, na aliiheshimu siku hiyo mpaka ilipoisha.

Jumapili, Mama Emmaculate alipokwenda misa ya kwanza, wao wawili walikuwa bandani.

"Mimi siwezi kukata," Mzee Joash alisema. "Lakini najua pa kukata. Wewe shika msumeno, nyara."

Nyara ni binti yangu kwa Kijaluo. Mellen alikuwa amekaa Migori vya kutosha kulijua neno hilo. Akachukua msumeno.

Kipande cha kwanza walichokikata kwenye pete ya nailoni walikiharibu. Mellen alikipitisha kwenye tupa upande mmoja zaidi, kikawa chembamba. Cha pili kilipasuka kwenye tundu la skrubu. Kabla ya cha tatu mzee alimsimamisha. Alimwambia atoboe tundu kwanza, nailoni ikiwa bado nene, ndipo akate umbo kulizunguka. Ni jambo dogo, lakini Mellen hakuwa ameliwaza, na alimwambia hivyo. Cha tatu kilikaa. Kebo ilipita ndani yake bila kukwama, bila kucheza.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Kebo mbili, ya kulia na ya kushoto, lazima zianze safari pamoja. Moja ikiwa mbele kwa jino moja tu la gia, kifuniko kitakwenda upande, kitakwama, na mota itateseka upya. Mellen hakuwahi kupanga paa la aina hii. Alisema hivyo waziwazi. Mzee Joash alifumba macho, akakumbuka. Alilifanya mara moja, miaka ishirini na tatu iliyopita. Kifuniko kiwekwe mahali pa kufungika kabisa, kebo zote zivutwe mbele mpaka zigote, ndipo mota irudishwe. Na isiwashwe kwa umeme mara ya kwanza. Kuna tundu la kuingiza mpini mdogo, izungushwe kwa mkono.

Mellen alifunga yote hayo jinsi alivyoelekezwa. Kisha aliuchukua mpini ule mdogo, akamwekea mzee mkononi.

Mzee aliutazama mkono wake. Ulikuwa unatetemeka kiasi cha kuugonganisha mpini na pete yake ya ndoa.

"Mzee, zungusha wewe," Mellen alisema. "Mimi lazima niangalie pande zote mbili, siwezi kuwa huku na huku."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli mzee hakuweza kulikataa. Aliingia nyuma ya gari, akaegemeza kiwiko kwenye kiti, akaingiza mpini kwenye tundu lake. Ulipokwisha kuingia haukuwa na pa kwenda ila kuzunguka, na mkono wake ulipokuwa na kazi ya kusukuma ulitulia kidogo, kama inavyotokea mara kwa mara kwa wenye ugonjwa ule. Alizungusha. Mellen alisimama nje akiwa na kipande cha kadibodi ya kiberiti, akipima mwanya kulia, akipima kushoto. Alimwambia endelea, endelea, simama, rudi nusu. Kifuniko kilirudi nyuma chote, kikaja mbele chote, na mwanya ulikuwa sawa kila upande.

Kabla ya kuunganisha umeme alikwangua kutu yote kwa msasa mpaka bati jeupe likaonekana, akaufunga waya mweusi kwa ncha mpya. Kisha akakumbuka mvua, akamwaga kikombe cha maji kwenye mfereji wa paa kuona yatatokea wapi. Mirija mitatu kati ya minne ilitoa maji chini ya gari. Wa nne, wa nyuma kulia, haukutoa kitu. Aliingiza waya wa breki ya baiskeli kutoka chini, akasukuma, na kikadondoka kiota cha udongo cha nyigu, kikavu, kimekaa humo nani ajuaye miaka mingapi. Mzee Joash alicheka kwa mara ya kwanza. Alisema nyigu huyo amesafiri Homa Bay mara nyingi kuliko diwani.

Mama Emmaculate alirudi kutoka misa akiwa bado na kitabu cha nyimbo mkononi. Walimketisha kwenye usukani. Mellen alimwambia abonyeze, na mzee akaanza kuhesabu kwa sauti. Kifuniko kiliinuka kidogo nyuma, kikateleza, bila kelele ila ule mlio mwembamba wa mota, na mwanga ukaingia ndani ya gari ukawafikia miguuni. Mzee alikuwa amefika tisa. Alimwambia mkewe afunge. Akamwambia afungue tena. Walifanya hivyo mara nne, na kila mara alihesabu, na kila mara ilikuwa tisa.

Waliamua kumsindikiza Mellen mpaka Rangwe, apate huko gari la Rongo na kuendelea Migori. Alikaa nyuma, kwenye kiti ambacho Wajerumani walikikusudia kwa watoto au mikoba, magoti yakigusa kidevu, begi la vifaa tumboni. Mama Emmaculate aliendesha kama Mellen alivyokuwa amesimuliwa, haraka na kwa uhakika, na pembeni mwao ziwa likawa linaonekana na kupotea. Barabara ya kuingia Homa Bay watu walisimama kutazama. Mzee Joash alikuwa ameinua uso juu, amevua kofia. Mkono wake wa kulia ulikuwa nje ya dirisha, wazi, vidole vimetanuka kwenye upepo, na kama ulitetemeka au la, hakuna mtu barabarani angeweza kujua.

Rangwe, Mellen alishuka akiwa amekufa ganzi miguu yote miwili. Mzee Joash aliomba namba ya Mellen, aiweke kwenye simu yake mwenyewe, si ya mkewe. Mellen alimpa, akimtajia tarakimu moja moja mpaka mzee akamaliza kuziandika.

Mota iliyoagizwa ng'ambo ilifika mwezi wa Mei. Mzee hakuifunga. Aliifungua juu ya benchi kuona ilivyotengenezwa, akampigia Mellen kumwambia kwamba ya zamani ilisukwa vizuri zaidi. Walizungumza kwa nusu saa. Wiki iliyofuata Mellen ndiye aliyepiga. Alikuwa ameletewa kreni ndogo ya kupakia mawe, ya zamani kuliko yeye, na mota yake ilikuwa na nyaya tano pale alipotegemea nne. Alieleza rangi zake moja baada ya nyingine, simu imebanwa begani, kidole kwenye waya wa kwanza. Upande wa pili alisikia kiti kikisukumwa nyuma na droo ikifunguliwa.

"Ngoja nivae miwani," Mzee Joash alisema. "Usiguse wa tano. Anza tena, taratibu."

Mellen akaanza tena, na pale gerejini kwake akawaomba jirani zake wazime redio.